Mchora Vibonzo Aliyekuja Kulea

Safari za Marekani zilikuwa za Avelina. Mjukuu wao wa kwanza, Precious, alipozaliwa, Avelina alifunga begi, akapanda ndege mpaka Dallas, akakaa Lewisville miezi kadhaa akimkanda binti yake Bertila kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Alipozaliwa wa pili, Vicent, akaenda tena. Mumewe, Mwalimu Kalisti, alibaki Bukoba akila kwa majirani na kulalamika kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hakufuatana na mkewe. Kulea mjukuu kulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa bibi.

Halafu Avelina akafariki. Presha ilimchukua asubuhi moja akiwa anaanika kahawa uani. Mwaka uliofuata Bertila, aliyekwisha vuka arobaini na kugawa nguo zote za kitoto, akajikuta ni mjamzito. Akampigia baba yake simu huku akilia. Yeye ni muuguzi, mumewe Leonce ni dereva wa malori ya masafa marefu anayeonekana nyumbani kama mgeni, na mama ndiye huyo amekwenda.

"Nani atanilelea, Baba?"

Kalisti akajisikia akisema, "Nitakuja mimi."

"Kuja kufanya nini?"

"Kulea."

Mara Bertila akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba, na Kalisti akaona kwamba hata asipoweza kulea, safari imekwisha lipa.

Ndivyo mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu wa historia na uchoraji, alivyofika Texas. Mtoto akazaliwa wa kike, akapewa jina la bibi yake, nao wakalifupisha wakamwita Ave. Bertila aliporudi kazini, babu akabaki naye kwenye fleti ya ghorofa ya pili, yeye na chupa za maziwa. Pampasi ya kwanza aliifunga mbele nyuma. Ya pili ilivuja. Ya tatu ilikaa, akaitazama kwa majivuno kama alivyokuwa akitazama wanafunzi wake wakifaulu mtihani.

Kumbeba mgongoni alifundishwa na Scholastique, mama wa Kikongo aliyekaa fleti ya chini na kufanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala. Siku moja alimkuta Kalisti kwenye maegesho, kainama, kanga imemlegea, mtoto anateleza kuelekea kiunoni.

"Ee Mungu! Mzee, simama vile vile, usitikisike!" Scholastique akaja mbio, akamkaza kanga mpaka pumzi ikambana. "Kwetu Uvira mwanaume akibeba mtoto mu mugongo, watu watatoka mu manyumba kuangalia."

"Na hapa?"

"Hapa banaangalia magari yao tu. Tembea, Papa. Njo vile. Mtoto anapenda kusikia mugongo inatembea."

Akatembea. Aliuzunguka mtaa ule wa fleti kila asubuhi, akipita masanduku ya barua na bwawa la kuogelea lililofunikwa turubai, mtoto akikoroma kati ya mabega yake. Na kwa kuwa mgongo ulikuwa na kazi lakini kichwa hakikuwa nayo, kichwa kikawa kinarudi nyumbani.

Kilirudi zaidi kwenye maktaba ya shule ya misheni alikosoma. Huko, kwenye rafu ya chini kabisa, palikuwa na majalada mazito ya magazeti ya Kiingereza ya zama za Malkia Viktoria, yaliyoletwa na padri mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka. Maneno yake yalikuwa magumu, lakini picha! Zilikuwa picha za mzaha zilizochorwa kwa kalamu ya wino, mistari myembamba ikipishana hadi inakuwa kivuli. Wanawake waliovaa magauni mapana kama hema, wanakwama mlangoni huku mabwana wenye ndevu za mashavuni wakisukuma. Wanawake juu ya baiskeli, wamevaa suruali, wanavuta sigara, na wanaume wanazimia kwa mshituko. Kalisti alikuwa kijana mwembamba asiyejua mpira. Jumapili baada ya misa alikaa sakafuni akazinakili picha zile mstari kwa mstari, na humo ndimo alimojifunzia kuchora.

Iliyomchekesha kuliko zote ilikuwa picha ya nyumba ya siku zijazo, jinsi mchoraji yule alivyohofia itakuwa siku wanawake watakapopata kura. Mke amevaa kofia, ana bakora mkononi, anatoka kwenda mkutanoni. Mume amebaki sebuleni amevaa aproni, nywele zimemsimama, sufuria inafurika, na mtoto mchanga anampigia kelele mikononi. Kalisti aliinakili mara nyingi hata akaweza kuichora amefumba macho.

Alipokuwa mwalimu, akawa anatuma vibonzo kwenye gazeti moja la Mwanza. Alichora madiwani, wafanyabiashara wa magendo, walimu wakuu wenye vitambi. Mwaka ule wanawake wa dunia walipokutana Beijing, na kila baa nchini ikawa inazungumzia wake watakavyorudi wamebadilika, mhariri alimwomba kibonzo cha jambo hilo. Kalisti hakuhitaji kufikiri. Akamchukua yule bwana wa Kiingereza, akamvalisha msuli, akamweka jikoni kwenye moshi na mtoto mikononi, na mke mlangoni ameshika mkoba, anasema, "Nikirudi nikute chakula."

Kabla hajakifunga kwenye bahasha alimwonyesha Avelina. Ndivyo walivyozoea. Avelina alikuwa mwalimu wa sayansikimu, mwanamke wa maneno machache, na kibonzo kisichomchekesha yeye kilikuwa hakimchekeshi mtu. Akakitazama muda mrefu, akacheka kidogo, kisha akaweka kidole juu ya mtoto.

"Huyu atamwangusha."

"Nani?"

"Huyo mwanamume wako. Kichwa cha mtoto kinaning'inia. Mtoto mdogo hivyo shingo haijakaza, unaweka mkono hapa." Akaonyesha kwa mkono wake, hewani. "Hujawahi kumpakata mtoto mchanga, Kalisti. Ndiyo maana hujui kumchora."

"Ni mzaha tu, Avelina."

"Najua ni mzaha," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Hakukirekebisha. Basi la Mwanza lilikuwa linaondoka. Kibonzo kikatoka, watu wakacheka toka Bukoba mpaka Shinyanga, na mabaa mawili yakakibandika ukutani. Ilikuwa kazi yake iliyosifiwa kuliko zote. Miaka yote iliyofuata aliendelea kuchora na kumwonyesha Avelina, hadi alipokosa wa kumwonyesha. Baada ya mazishi hakushika kalamu tena.

Precious, ambaye sasa alikuwa binti mkubwa anayesoma chuo Houston, alikuwa amekua akisimuliwa na babu yake kwa simu hadithi za majalada yale. Kwa hiyo alipoona tangazo kwamba jumba moja la makumbusho la huko lina maonyesho ya michoro ya mzaha ya zama za Viktoria, alimpigia simu mama yake. Bertila akapanga mapumziko ya siku nne, Leonce naye akawa ametoka barabarani, na Ijumaa moja Precious akaja Lewisville kumchukua babu yake.

Kalisti alikaa kiti cha mbele, barabara kuu ikikimbia kuelekea kusini. Kila baada ya muda alikuwa akijinyoosha mgongo.

"Babu, unaumwa?"

"Hapana. Naona nimesahau kitu."

Alikuwa amezoea uzito wa mtoto.

Makumbusho yalikuwa baridi na kimya. Kalisti aliingia amevua kofia, kama kanisani. Ukutani, ndani ya fremu, walikuwapo wote: magauni ya hema, mabaiskeli, mabwana waliozimia. Alikuwa akiwasalimia kwa moyo kama mtu aliyekuta wanakijiji wenzake ugenini. Hakuwa amejua kwamba wana rangi. Kwenye majalada ya misheni walikuwa wamechapwa kwa wino mweusi tu, lakini baadhi ya michoro hii ya asili ilikuwa na waridi mashavuni. Kisha, kwenye ukuta wa mwisho, akamwona yule bwana mwenye aproni.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama mikono. Mkono mmoja wa bwana yule ulishika kiuno cha mtoto, mwingine ulishika miguu, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia hewani bila kushikwa na chochote.

Kalisti akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kilichotoka tumboni, hadi akashika magoti. Watu wakageuka. Mlinzi mmoja akatembea taratibu kuja upande wao, na Precious akamshika babu yake mkono.

"Babu, please. Watu wanatuangalia."

"Na yeye hakujua!" Kalisti alisema, machozi yakimtoka. "Bwana mkubwa wa Ulaya, kalamu ya dhahabu, na hakujua kumpakata mtoto! Bibi yako alisema. Alisema mchana kweupe, mbele ya vitunguu."

Akamweleza mambo yote, ya Mwanza na ya Beijing na ya kidole juu ya mtoto. Precious alisikiliza akiwa amekunja mikono, akiutazama mchoro kwa jicho la kijana ambaye hajaona cha kucheka.

"Kwa hiyo joke ni kwamba baba anakaa na mtoto?"

"Ndiyo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Tulicheka miaka mia na zaidi."

"Wanawake pia walicheka?"

Kalisti alifuta macho kwa kitambaa. "Bibi yako alicheka kidogo," akasema. "Nilidhani ni sana. Kumbe kidogo."

Wakakaa kwenye benchi. Hakuwa na huzuni hasa. Alikuwa na hamu, hamu kali, ya kumwonyesha Avelina ukuta ule na kumwona akiweka kidole.

Jumamosi hiyo walialikwa mji wa Katy, kando ya Houston, kwa Sadock, ambaye Kalisti alimfundisha kidato cha tatu na ambaye sasa alikuwa mhandisi, amejenga jina na kununua nyumba mpya ya matofali kwenye mtaa ambao kila nyumba inafanana na jirani yake. Mkewe, Lydiah, ni Mkenya, mfamasia. Wageni walikuwa wengi. Wanaume walikaa sebuleni wakitazama mpira, wanawake walikuwa jikoni, na Sadock alikaa kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, mguu juu ya mguu, akisimamia mazungumzo.

"Mwalimu, shikamoo tena! Hapa tumeshikilia mila," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Marekani isitubadilishe. Mwanamume akiingia jikoni, nyumba imekwisha."

"Kabisa," wakasema wenzake.

Lydiah akachungulia. "Sadock, ile pilipili manga uliiweka wapi?"

Sadock akakohoa. "Mimi nitajuaje mambo ya pilipili?"

"Aki jameni, si jana umei..." Lydiah akameza tabasamu, akarudi ndani.

Kalisti alikuwa akitazama vidole vya Sadock vilivyoshika glasi. Vilikuwa vyeusi kwenye ncha na pembeni mwa kucha, weusi ule ambao mtu yeyote wa Bukoba anaujua: utomvu wa ndizi mbichi. Anayemenya ndizi mbili tatu hapati weusi huo. Ule ulikuwa wa mikungu. Na harufu iliyokuwa ikitoka jikoni ilikuwa ya ndizi zilizopikwa kwa maharage na samli kwa namna ya kwao, siyo ya Lydiah, mtu wa Machakos.

Mkono wa Kalisti ukaanza kuwasha kwa hamu ya kuchora. Kando ya kiti, mtoto mmoja alikuwa ameacha kalamu nyeusi. Kalisti akachukua sahani ya karatasi, akaigeuza, akaweka juu ya goti. Mistari ilitoka ile ile ya zamani, myembamba, ikipishana. Alimchora Sadock kama bwana wa zama za Viktoria, ndevu za mashavuni, kizibao kimebana kitambi, kidole juu akihutubia. Kidole hicho akakipaka weusi. Na nyuma ya koti, palipo kiuno, akachomoza kamba za aproni zilizofungwa fundo zuri la kipepeo.

Aliyekaa karibu akachungulia, akarusha kichwa nyuma kwa kicheko. Sahani ikanyang'anywa, ikazunguka sebule nzima, ikaingia jikoni. Kule Lydiah alipiga ukelele, akakaa chini sakafuni kwa kucheka, na wanawake wakawa wanatoka mmoja mmoja kuja kuvitazama vidole vya Sadock. Kabla sahani haijamfikia mwenyewe, mtu alikuwa ameshaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wana Kagera.

Sadock aliitazama. Akatabasamu kwa midomo tu. Baadaye kidogo akamwomba Mwalimu watoke kidogo, wakasimama gereji, kati ya gari na mashine ya kukata nyasi.

"Mwalimu, umenivua nguo mbele za watu."

"Nimekuchora unavyopendeza."

"Hilo kundi lina watu wa nyumbani. Mama yangu ataiona. Watasema Sadock kawekwa kiganjani na mwanamke wa Kikenya."

Kalisti alitaka kujibu kwa mzaha, lakini akauona uso wa mwanafunzi wake, uso wa kidato cha tatu aliyeitwa mbele ya darasa. "Lydiah anarudi kutoka kazini saa ngapi?" akauliza.

"Usiku. Na asubuhi anaondoka kabla yangu. Ningefanyaje, Mwalimu? Watoto wale hewa?" Sadock alisugua vidole vyake kwenye suruali, kana kwamba utomvu unafutika. "Tena napenda. Nikimenya ndizi nakuwa kama niko nyumbani. Lakini huwezi kusema kitu kama hicho mbele ya wanaume."

"Mimi ninabadilisha pampasi," Kalisti akasema. "Namwimbia mtoto. Nina Mkongo mmoja ananifunga kanga."

Sadock akamtazama, lakini hakucheka, na waliagana kwa baridi. Njiani kurudi Kalisti aliona amefanya jambo baya. Kibonzo cha Mwanza hakikuwa na mtu mwenye jina. Hiki kilikuwa naye.

Siku ziliposonga, akiwa Lewisville, Ave amelala juu ya kifua chake, simu ikaita. Alikuwa Sadock, na sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu aliyetoka kupigwa na mvua akafurahi.

"Mwalimu, mama kapiga."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ngoja. Kanitukana kwanza. Kasema, 'Unaona aibu ya nini, wewe?' Halafu kaniambia nilipozaliwa yeye aliumwa sana, hakuweza hata kukaa. Baba alikuwa anaamka alfajiri anafunga mlango wa jiko kwa ndani, anamenya ndizi, anapika, anafua na nepi. Jua likitoka anavaa kanzu, anakwenda kukaa kilabuni na wenzake kama mfalme. Akawa anapaka mikono mafuta ya taa ili utomvu utoke. Mwalimu, baba yangu! Yule mzee aliyekuwa hagusi hata kikombe chake mwenyewe!"

"Nilimjua sana," Kalisti alisema polepole. "Alikuwa ananuka mafuta ya taa. Tulidhani ni kwa sababu ya duka lake, alikouzia mafuta hayo."

Walicheka pamoja, kisha Sadock akasema Lydiah ameitundika sahani ile sebuleni, na kwamba Jumapili ijayo Mwalimu aje, atapika yeye Sadock watu wakimwona.

Baada ya simu Kalisti alibaki akimtazama mtoto akipumua. Aliwaza wanaume wa kijiji chao, wale wafalme wa kilabuni aliowachora maisha yake yote, na milango ya majiko iliyofungwa alfajiri, ambayo yeye aliipita akienda shule bila kujiuliza nani yuko ndani. Wangapi? Akawaza pia jiko lake mwenyewe. Mlango wake haukuwahi kufungwa. Ulikuwa wazi siku zote, na ndani alikuwa Avelina, peke yake, akikatakata vitunguu. Angeweza kuingia. Zilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye meza yake ya kuchorea.

Alijikuta akitaka kulia, lakini Ave akaamka akataka maziwa, na maziwa hayasubiri.

Bertila alirudi kutoka zamu jua likiwa limeshapanda, amevua viatu ngazini. Alimkuta baba yake akitembea sebuleni na mtoto mgongoni, akiguna wimbo kwa pua kwa sababu maneno hakuwa nayo.

"Mama yako alikuwa anakuimbia nini ukikataa kulala?" Kalisti akauliza.

Bertila akajitupa kwenye sofa, akafikiri. "Ule wa njiwa. Njiwa na mtama. Hujawahi kuusikia?"

"Niliusikia kwa mbali. Nilikuwa nachora."

Bertila akaanza kuuimba, kwa Kihaya, sauti imechoka. Ubeti wa kwanza ulitoka wote. Wa pili ukakwama katikati, akarudia, ukakwama tena. Kalisti alikumbuka neno moja, Bertila akakumbuka lililolifuata, wakawa wanaushona vipande vipande, wakibishana kama njiwa anapewa mtama au ananyimwa. Mtoto alilala zamani, shavu lake limebanwa kwenye mgongo wa babu yake, na wao hawajafika mwisho.